Shajara ya mradi: Jina Kevin, kutoka Glendalough hadi kwetu

Kazi yenyewe ni kitabu kidogo cha majina ya ubatizo, kwa ajili ya wazazi wa vigango vya huku kando ya Ziwa Victoria. Kila jina linapewa asili, maana, mtu wa kwanza maarufu aliyelibeba, siku yake kwenye kalenda, na njia iliyolifikisha kwetu. Patrick na Brigid tayari. Sasa ni zamu ya Kevin, na nimeliombea nafasi kubwa kuliko majirani zake. Vijana wenye jina hili ni wengi mno, akina Kevo wa kila mtaa, na maelezo wanayotumiwa kwenye simu ni mstari mmoja tu: "mvulana mzuri". Mstari huo si uongo. Umekatwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayolisogeza jina hili karibu na majina yetu ya nyumbani.

5 Mei. Asili

Sehemu ya asili imeandikwa. Umbo la kale ni Cóemgen, la Kiayalandi cha Kale, lugha waliyoiandika watawa wa Ayalandi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Lina vipande viwili. Cóem husemwa juu ya mtu au kitu kinachopendeka: mpenzi, mpole, mzuri wa kutazamwa. Gein ni kuzaliwa, au mzawa mwenyewe. Karne zilivyopita ulimi ukalainisha sauti, m ya katikati ikageuka v, na jina likawa Caoimhghin. Tahajia iliporahisishwa katika karne ya 20, likabaki Caoimhín. Hutamkwa takriban "kiiviin". Kilatini cha kanisani kiliandika Coemgenus.

Najua msomaji atauliza herufi zote hizo zinatafuta nini, kwa hiyo nimeweka aya ya kumsaidia. Alfabeti ya jadi ya Kiayalandi ina herufi 18. Haina k, haina v. Sauti ya v huandikwa kwa bh au mh, na katika hati za zamani mwandishi aliweka nukta juu ya m badala ya kuifuatisha h. Hizo K na V za Kevin zimetoka kwa walioliandika jina kwa kufuata masikio ya Kiingereza. Umbo la Kiayalandi bado lipo na watoto wanaitwa hivyo hadi leo, nami nimelitanguliza kwenye ukurasa ili kila Kevin aone jina lake linavyoandikwa kwao.

Kuna habari ya ukoo ambayo lazima iingie. Simulizi za kale zinasema baba wa Mtakatifu Kevin wa Ayalandi, mwenye jina hili, aliitwa Cóemlug, mama yake Cóemell, na ndugu yake Cóemán. Nyumba nzima imeshikilia cóem! Hata kama waandishi wa baadaye waliyapanga majina hayo yalandane, wanatuonyesha namna walivyolisikia jina hilo: walijua fika lina vipande, na kila kipande kina kazi. Wasichana wa Ayalandi wa siku hizi wanaoitwa Caoimhe, hutamkwa "kiiva" au "kwiiva", wamelipata neno lile lile moja kwa moja, bila kupitia kwa Kevin.

8 Mei. Maana

Mezani kulikuwa na mapendekezo manne: "mzuri", "mpole", "mpendwa mdogo" na "wa uzawa bora". "Mpendwa mdogo" nimeliondoa. Linasomeka hivyo kwa wanaodhani -ín ya mwisho ni kiambishi cha udogo, kile kilichomo katika Máirín, yaani Maria mdogo. Lakini ile ya Caoimhín ni mabaki ya gein, na umbo la kale linalithibitisha hilo bila mjadala. "Wa uzawa bora" linaweza kumfanya mtu afikirie nasaba na vyeo. Ni kweli mtakatifu alitoka katika ukoo wa kitawala wa Leinster, mashariki mwa Ayalandi, ila cóem haisemi cheo, inasema kupendwa. Watawa walioandika maisha yake kwa Kilatini walilifasiri jina kuwa aliyezaliwa mzuri, nasi tunatembea nyuma yao. Kitabuni itasomeka: "aliyezaliwa mpendwa, mzawa mzuri".

Gein hiyo ina undugu wa mbali na genos ya Kigiriki, iliyomo ndani ya Eugene, "wa uzawa mwema". Eugene na Kevin kumbe wanasema karibu jambo moja kwa lugha mbili. Kurasa zao zitaelekezana.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka lichapishwe kwa herufi nzito. Huku kwetu mtu ana jina la kanisani na jina la nyumbani: Kevin Omondi, Kevin Kiprotich. Wazee husema la nyumbani ndilo lenye maana. Omondi alizaliwa alfajiri, Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirejea zizini, na hilo la mbele ni la karatasi za shule tu. Kwa Kevin usemi huo haushiki. Kevin nalo ni jina la kuzaliwa, la aina ile ile hasa. Omondi linataja saa mtoto alipokuja, Kevin linataja alivyopokelewa. Aliyeitwa Kevin Omondi amesimuliwa siku yake ya kwanza duniani mara mbili, mara moja kwa Kiayalandi na mara moja kwa Kijaluo. Mzazi aliyeyaunganisha majina hayo bila kujua, hakukosea hata kidogo.

13 Mei. Mtakatifu

Sehemu hii imerefuka na sitaki kuipunguza.

Glendalough, kwa Kiayalandi Gleann Dá Loch, ni bonde lenye maziwa mawili katika kaunti ya Wicklow, mwendo wa kilomita 50 hivi kusini mwa Dublin. Kevin alikwenda huko kuishi peke yake. Juu ya ziwa la ndani, kwenye ukuta wa jabali, lipo pango lililochongwa kwa mikono ya watu ambalo mpaka leo huitwa Kitanda cha Mtakatifu Kevin. Lipo mita 9 hivi juu ya maji. Unaingia kwa kupenya njia fupi isiyofika mita moja kwa kimo, na chumba chenyewe kina upana wa mita moja na kidogo. Mtu mzima hawezi kusimama humo. Nimeomba mchoraji alichore kwa vipimo hivyo, asiongeze hata sentimita, kwa sababu kitabu kinaposema "aliishi maisha ya toba" mtoto hapati picha yoyote. Akiona kimo cha dari ataelewa.

Upweke wake haukudumu. Wanafunzi walimfuata, na bondeni pakaota monasteri iliyokuja kuwa kati ya zile kubwa za Ayalandi. Mnara wake wa mviringo bado umesimama, mita 30 hivi kwenda juu. Kuna pia kanisa dogo la mawe, paa lake nalo la mawe, lenye kimnara cha kengele kinachofanana na bomba la moshi, na ndiyo maana wenyeji wanaliita Jiko la Mtakatifu Kevin, ingawa hakuna aliyewahi kupikia humo. Watu walihiji kwa wingi, na ilisemwa kwamba kwenda Glendalough mara saba ni sawa na kwenda Roma mara moja. Majeshi ya Kiingereza yaliichoma monasteri mwaka 1398, lakini mahujaji hawakukoma.

Tarehe zake zinahitaji uangalifu. Kifo chake kinawekwa mwaka 618, siku ya 3 Juni. Kuzaliwa kunatajwa mwaka 498, kwa hiyo aliishi miaka 120. Miaka hiyo ndiyo ya Musa katika Kumbukumbu la Torati, na kwangu mimi waandishi walikuwa wanampa Kevin heshima ya Musa. Kitabu kitasema "alifariki mwaka 618" na hiyo 120 itatajwa kama mapokeo. Papa Pius X aliithibitisha rasmi heshima yake mwaka 1903.

Halafu ndege. Aliyetuachia kisa hiki ni Gerald wa Wales, padre aliyekwenda Ayalandi mwishoni mwa karne ya 12 akaandika kitabu juu ya nchi hiyo. Ilikuwa Kwaresima. Kevin alikuwa anasali kibandani, mkono wake ameutoa nje ya dirisha, kiganja kikiwa wazi. Ndege aitwaye blackbird kwa Kiingereza akatua, akatengeneza kiota kiganjani, akataga. Kevin hakuukunja mkono wala kuurudisha ndani mpaka vifaranga walipotoka kwenye mayai. Gerald anaongeza kwamba sanamu za Kevin kote Ayalandi zilimwonyesha na ndege huyo mkononi. Kwa mchoraji nimeacha maagizo: dume la ndege huyu ni jeusi tititi lenye mdomo wa manjano, lakini anayeatamia ni jike, na jike lina rangi ya kahawia. Picha nyingi zinamchora dume akiwa amekaa kiotani. Yetu itachora jike.

Kisa hiki na jina vinashikana kabisa. Mtu aliyeitwa kwa kuzaliwa kwake anakumbukwa kwa kungojea wengine wazaliwe.

17 Mei. Mama Kevin

Baada ya misa Mama Kevin wa jumuiya yetu alinisimamisha. Amesikia ninaandika juu ya jina la mwanawe.

"Mwalimu, si lilitoka kwenye ile filamu ya Krismasi? Baba yake ndiye aliyelipenda."

Nikamweleza kwamba filamu ilimleta Kevin mmoja kwenye televisheni, lakini jina lina miaka zaidi ya elfu moja, na kwamba maana yake ni aliyezaliwa mpendwa. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi ndivyo ilivyokuwa. Kabla yake nilikuwa nimempoteza mmoja." Ameniruhusu niyaweke maneno hayo kitabuni, bila jina lake.

19 Mei. Kulala na kuamka kwa jina

Kutoka karne za kati hadi karne ya 19 nimepita mbio. Ayalandi ilikuwa chini ya Waingereza, makarani waliandika majina kwa Kiingereza, na lugha yenyewe ikapigwa pigo kubwa na Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwatoa wengine zaidi ya milioni kwenda ng'ambo. Mwaka 1893 ilianzishwa Conradh na Gaeilge, chama cha kuifufua lugha. Wazazi wakaanza kuyarudia majina ya watakatifu wa kwao, Kevin likiwemo.

Aliyelifanya jina hili lisikike duniani ni kijana wa miaka 18. Kevin Barry alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Dublin na mpiganaji wa jeshi la uhuru. Alikamatwa Septemba 1920 katika shambulio ambalo wanajeshi watatu wa Uingereza walikufa. Tarehe 1 Novemba 1920, Sikukuu ya Watakatifu Wote, alinyongwa katika gereza la Mountjoy. Umri wake uliwachoma watu mioyo, na kwa Waayalandi, nyumbani na Marekani, kumwita mtoto Kevin kulibeba kumbukumbu hiyo. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa kwa nini jina la kijana aliyenyongwa na wakoloni huheshimika.

23 Mei. Ufaransa na Ujerumani

Kuanzia miaka ya 1970 Kevin lilivuka kwenda kwa watu wasio na uhusiano wowote na Ayalandi. Wajerumani walimjua Kevin Keegan, Mwingereza mwenye asili ya Ayalandi, aliyeichezea Hamburger SV kuanzia 1977 hadi 1980 na kuchukua Ballon d'Or mara mbili, 1978 na 1979. Ufaransa, Kevin lilikuwa jina la wavulana linaloongoza tangu 1989, na mwaka 1991 peke yake walipewa watoto zaidi ya 14,000. Hiyo filamu aliyoitaja Mama Kevin, Home Alone, ilitoka mwishoni mwa 1990. Kwa hiyo ililikuta jina tayari liko juu, ikalisukuma zaidi. Kevin De Bruyne alizaliwa Ubelgiji Juni 1991, katikati kabisa ya wimbi hilo.

Kilichofuata kinaniuma. Jina lilipendwa sana na familia za kipato cha chini, na wenye nacho wakaligeuza dhihaka. Mwaka 2009 utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg uliwauliza walimu wa shule za msingi wanavyoyaona majina ya wanafunzi. Wengi waliwatarajia akina Kevin kuwa wasumbufu na dhaifu darasani, kabla hata ya kuwafundisha. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina, ni ugonjwa uliopimwa na daktari. Kauli hiyo ilienea Ujerumani nzima, na hadi leo wapo watu wazima wanaoficha jina lao wanapotuma maombi ya kazi.

Mhariri mwenzangu alishauri tuliache hili, eti wazazi wataogopa. Nimekataa, naye amekubali libaki. Kijana wetu anayekwenda kusoma Berlin au Leipzig atakutana na mzaha huo siku ya kwanza, na afadhali awe na jibu. Tena hata sisi walimu tuna majina ambayo tukiyaona kwenye rejista tunakuwa tumeshamhukumu mtoto. Aya hiyo imeandikiwa walimu hasa.

26 Mei. Kelvin si Kevin

Kwenye vyeti vya ubatizo nimeyaona majina haya mawili yakibadilishana kwa mtu yule yule: Kevin kwenye cheti, Kelvin kwenye kitambulisho. Hayana undugu. Kelvin ni mto unaopita karibu na Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Mwanafizikia William Thomson, aliyefundisha hapo, alipopewa ubwana mwaka 1892 alichukua jina la mto huo akawa Lord Kelvin, na kipimo cha joto kikaitwa kelvini, ambacho sifuri yake ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Watoto wakaanza kuitwa Kelvin baada yake. Ayalandi imeingia hapa kwa mlango wa pembeni tu, kwa kuwa Thomson mwenyewe alizaliwa Belfast mwaka 1824.

Kelvin atapata ukurasa wake, na atakuwa na mtu wa kumwakilisha kutoka kwetu: Kelvin Kiptum, aliyekimbia marathoni ya Chicago Oktoba 2023 kwa saa 2:00:35, iliyokuwa rekodi mpya ya dunia, na kufariki katika ajali ya barabarani Februari 2024 akiwa na miaka 24.

30 Mei. Njia ya kuja kwetu, na tarehe 3 Juni

Sehemu ya wamisionari imeandikwa upya. Masista wa Loreto kutoka Ayalandi walifika Kenya mwaka 1921. Shirika la Mtakatifu Patrick lilianzishwa tarehe 17 Machi 1932 katika kijiji cha Kiltegan, na mapadre wake walifanya kazi Eldoret, Kitui na Turkana. Bruda Colm O'Connell alikuja kufundisha Iten mwaka 1976, akaishia kuwanoa wanariadha, David Rudisha akiwa mmoja wao. Wote hao walikuja na kalenda ya watakatifu wao. Kiltegan, tena, iko Wicklow, kaunti ile ile ya Glendalough. Ramani ya ukurasa itaonyesha sehemu hizo mbili tu na Dublin, hakuna kingine.

Kuhusu siku ya jina: Kevin anaadhimishwa 3 Juni. Huku kwetu siku hiyo ni ya Namugongo. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto hapo tarehe 3 Juni 1886, Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu mwaka 1964, na kila mwaka mahujaji wanatembea kwa miguu kwenda huko kutoka Uganda yote, Kenya, Tanzania na Rwanda. Kwa kalenda zetu Kevin haonekani kabisa siku hiyo, na sitapendekeza ahamishwe. Kitabu kitawaambia akina Kevin kwamba siku yao ipo, na wanaisherehekea pamoja na mashahidi wa Afrika Mashariki. Maeneo mawili ya hija kwa tarehe moja, moja la mtu aliyezeeka kwenye pango lake na jingine la vijana ambao hawakuachwa wazeeke. Kwenye ukurasa, Namugongo itatangulia.

2 Juni. Hali ya kazi

Maandishi ya Kevin yamekwenda kwa padre msimamizi asubuhi hii. Kichwa cha ukurasa ni: "Kevin (Caoimhín, zamani Cóemgen): aliyezaliwa mpendwa. Siku yake: 3 Juni." Mchoro wa pango umekubaliwa. Wa ndege umerudishwa kwa mchoraji, kwa sababu kiganja kimechorwa kimeinama, na mayai yangeanguka. Orodha ya majina ya nyumbani yanayotaja kuzaliwa, ya Wajaluo, Wakalenjin na Waluhya, imegawiwa wasomaji wazawa waihakiki kabla haijakaa kando ya Kevin.

Jina linalofuata ni Kieran, Ciarán kwa Kiayalandi, kutokana na ciar, weusi. Hapo -án ya mwisho ni ya udogo kweli. Mwenye jina ni mwanzilishi wa monasteri ya Clonmacnoise, kando ya mto Shannon, na siku yake ni 9 Septemba. Naanza wiki ijayo.